Mzigo wa Moyo
Mafundisho kwa mama mwenye virusi vya sida, na kwa wote wakaao karibu naye

Tumfikiri mama mmoja. Hatumpi jina, maana yeye ni mfano wa wamama wengi. Anakaa Kabondo-Dianda, karibu na reli itokayo Bukama kwenda Kamina. Asubuhi huuza samaki wakavu sokoni, jioni huwapikia watoto wake bukari na sombe. Alipokuwa na mimba ya tatu alipimwa damu, na mganga akamwambia kwamba ana virusi vya sida. Akapewa dawa, kidonge kimoja kila siku, akafundishwa namna ya kukimeza. Akasema, "Ndiyo, nimesikia." Akarudi nyumbani.

Huko nyumbani alikificha kile kikopo cha vidonge chini ya gunia la unga. Akatia pamba ndani yake, ili vidonge visilie mtu akilisogeza gunia. Wifi yake alipokuja kukaa nao juma mbili, mama hakupata nafasi ya kumeza siku nyingi. Usiku alilala macho wazi akiwaza, "Nikifa, watoto hawa watakwenda kwa nani?" Mtoto akazaliwa. Mama akaendelea kunyamaza. Kanisani alikaa nyuma, na wenzake walipoimba alifungua kinywa tu.

Siku moja ya kliniki, mganga mmoja mwanamke, mtu mzima, alihesabu vidonge vilivyobaki.

"Mama, vimebaki vingi."

Mama akatazama chini, hakujibu.

Mganga hakumkaripia. Aliweka kikopo pembeni, akauliza neno jingine. "Mama, usiku unalala?"

"Silali, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile mliponiambia."

Siku ile ilikuwa imepita miezi 7. Kwa miezi 7 mama huyu alikuwa ameulizwa mara nyingi kama anameza dawa. Hakuna aliyekuwa amemwuliza kama analala.

Ndugu msomaji, somo letu la leo ni juu ya ulizo hilo.

Virusi na dawa yake

Kwanza tukumbuke habari ya damu. Katika damu yetu mna chembe zilizo kama askari, zipiganazo na magonjwa. Virusi vya sida huwaingia askari hao na kuwaua kidogo kidogo. Askari wakipungua sana, magonjwa mengine hupata njia: kifua kikuu, kuhara, vidonda vya kinywa. Hapo ndipo twasema mtu anaugua sida, au UKIMWI, kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya.

Jambo hili si laana wala uchawi. Virusi hivi viligunduliwa mwaka 1983 huko Paris, katika Chuo cha Pasteur. Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier walipata tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2008. Lakini virusi vyenyewe vilikuwapo kabla ya watu kuvijua. Wataalamu walipima damu iliyotolewa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, katika mwaka 1959, nao wakavikuta ndani yake. Basi ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Una kijidudu chake, una njia zake, na una dawa yake.

Dawa haiviondoi virusi vyote mwilini, lakini huvilaza usingizi. Siku hizi watu wengi hupewa kidonge kimoja chenye dawa 3 ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Mtu akikimeza kila siku, baada ya miezi 6 hivi virusi mara nyingi hupungua hata mashine ya kupima damu haivioni. Akibaki katika hali hiyo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Na kwa mtoto pia kuna faida kubwa. Pasipo dawa, katika watoto 100 waliozaliwa na mama wenye virusi, 15 mpaka 45 huambukizwa wakati wa mimba, wa kuzaliwa, au wa kunyonya. Dawa ikishikwa vizuri, hesabu hiyo huwa chini ya 5.

Angalieni, faida hizi zote zasimama juu ya neno moja: kila siku. Mama akiacha dawa, virusi huamka. Akimeza leo na kuacha kesho, virusi huweza kuizoea dawa hata isivishinde tena.

Lakini ni nani awezaye kufanya neno kila siku, asubuhi hata asubuhi, ikiwa moyo wake hauna nguvu hata ya kuamka kitandani?

Moyo nao huugua

Watu wetu wana neno moja kwa hali hiyo. Husema, "Ana mawazo." Ni neno jema, nalo lasema kweli. Mawazo ya namna hii si yale ya kufikiri juu ya kazi ya kesho. Ni mawazo yazungukayo mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa kamba, hayafiki popote. Watu wa Zimbabwe nao wana neno kama hilo katika lugha yao ya Kishona. Waganga huita hali hiyo ugonjwa wa huzuni, nao huwapata watu wenye virusi vya sida mara nyingi kuliko wengine.

Zipo alama za kuutambua:

Mtu halali, au analala mno na kuamka amechoka.
Chakula hakina ladha kwake.
Kazi aliyoipenda zamani haimpendezi tena.
Analia bila kujua sababu, au hawezi kulia kabisa.
Anajiona hana maana, kwamba yeye ni mzigo kwa watu.
Anafikiri kufa.

Huzuni ya siku chache baada ya habari mbaya si ugonjwa. Kila mtu huwa nayo. Lakini alama hizi zikikaa juma 2 au zaidi, karibu kila siku, ni ugonjwa, nao wahitaji dawa yake kama homa ya malaria ihitajivyo dawa yake.

Tena fahamuni hili: mara nyingine dawa yenyewe huchangia. Dawa moja ya zamani, efavirenzi, iliwaletea wengine ndoto za kutisha na huzuni. Hata dolutegraviri huwanyima wengine usingizi. Usiache kumeza kwa sababu hiyo. Mwambie mganga. Wengine husaidiwa kwa kuhamisha saa ya kumeza, kutoka jioni mpaka asubuhi. Wengine hubadilishiwa dawa.

Na mtu akisema kwamba anataka kufa, msimcheke, wala msimkemee. Msimwache peke yake siku hiyo. Ondoeni nyumbani sumu ya panya na dawa za shamba. Mpelekeni kwa mganga siku ile ile, msingoje kesho.

Kwa nini mama haendi?

Mahali pengi pana mshauri katika kliniki, au pana kundi la wamama wenye virusi wanaokutana. Lakini wengi hawaendi. Tusiwahukumu. Tutafute sababu.

Sababu ya kwanza ni hofu ya kuonekana. Mji ni mdogo, na soko lina macho. Akionekana akiketi kwenye benchi lile, kesho wateja wataacha kununua samaki wake.

Sababu ya pili ni lawama. Mara nyingi mwanamke hupimwa kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aendaye kliniki ya mimba. Basi kwa sababu yeye amejulikana kwanza, watu husema yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa nyumbani. Hesabu hiyo si ya kweli. Aliyepimwa kwanza siye lazima aliyeambukizwa kwanza. Tena huweza kuwa mmoja katika ndoa ana virusi na mwenzake hana.

Sababu ya tatu ni njia na kazi. Kliniki ni mbali, baiskeli ni ya mume, na siku ya kwenda ni siku ya kukosa mapato. Mama atatembea saa nyingi kwa ajili ya vidonge, lakini hataona haja ya kutembea kwa ajili ya "maneno tu".

Sababu ya nne ni kufikiri kwamba mshauri ni kwa wenye wazimu. Sivyo. Mtu mwenye mguu uliovunjika hutumia fimbo mpaka mguu upone. Mshauri ni fimbo ya namna hiyo.

Na sababu ya tano ndiyo yatuhusu sisi wa kanisa. Mama huambiwa, "Kama una imani, omba tu." Wengine hata wameambiwa waache dawa ili kuonyesha imani yao, nao wakaacha, wakafa. Ndugu, tukumbuke habari ya nabii Eliya. Alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Hakukemewa kwa kukosa imani. Aliachwa alale. Aliletewa mkate na maji, akala, akalala tena, akaletewa tena. Na baadaye akapewa Elisha awe mwenzake. Usingizi, chakula, na mwenzi: hivyo ndivyo alivyosaidiwa mtu wa Mungu aliyechoka kuishi. Basi mama aombaye msaada wa mshauri hakuikana imani yake.

Waliotutangulia

Katika nchi jirani ya Uganda, mwanamke mmoja jina lake Noerine Kaleeba alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, mjini Kampala, akiwafundisha wagonjwa kutumia tena viungo vyao. Mwaka 1986 mume wake, Christopher, aliyekuwa akisoma Uingereza, alionekana ana sida. Mwezi wa Januari 1987 alikufa. Wakati ule hapakuwa na dawa kama za leo, na watu wengi waliogopa hata kumgusa mgonjwa. Noerine na wenzake wachache, ambao wengi wao walikuwa na virusi, wakaanza kukutana. Waliongea, wakalia, wakatiana moyo. Katika mwaka huo wa 1987 kukutana kwao kukawa chama kiitwacho TASO, ambacho mpaka leo huwashauri na kuwatunza watu wenye virusi.

Oneni mpango wa mambo. Kidonge kilikuwa bado hakijapatikana, lakini kundi lilianza. Sisi leo tuna kidonge. Je, tuliache kundi?

Tena yuko daktari mmoja wa Uganda, Etheldreda Nakimuli-Mpungu, aliyefanya jaribio kubwa kaskazini mwa nchi hiyo, katika wilaya za Gulu, Kitgum na Pader, zilizoteswa na vita miaka mingi. Walichukua watu 1140 wenye virusi vya sida walioshikwa na ugonjwa wa huzuni, katika vituo 30 vya afya. Nusu ya vituo viliwakusanya watu na kuwafundisha habari za ugonjwa wa sida. Katika vituo vingine watu walikusanywa pia, wanaume kwao na wanawake kwao, lakini huko walipewa nafasi ya kusema mambo yao. Kila mmoja alieleza mzigo wake. Wakajifunza njia za kupambana na shida. Wakajifunza pia kuanza kazi ndogo za kuleta fedha. Mikutano ilikuwa 8 tu. Walioiongoza hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida wa huduma ya afya waliofundishwa kazi hiyo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Miezi 6 baadaye, katika wale waliofundishwa tu, watu 28 kati ya 100 walikuwa wangali na ugonjwa mkubwa wa huzuni. Katika wale walioongea na kusikilizwa, walibaki watu 2 tu kwa jumla, chini ya 1 kati ya 100.

Neno hili latupasa sisi waandishi wa mafundisho kuliko wengine wote. Wale 28 hawakukosa mafundisho. Walikosa mtu wa kuwasikiliza.

Na huko Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha wamama wazee kuketi kwenye benchi nje ya kliniki, chini ya mti, na kumsikiliza kila ajaye na mawazo yake. Baadhi ya wanaokuja wana virusi vya sida. Bibi hana dawa mkononi. Humwuliza mtu shida zake, humsaidia kuchagua moja, na pamoja hutafuta hatua ya kwanza. Wasomi walipoupima mpango huo mjini Harare, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, waliona kwamba huzuni ilipungua sana.

Yafaa tufanye nini hapa?

Miti tunayo. Mabenchi tunayo. Wamama wazee wenye hekima tunao, na chama cha Kipendano kinajua tangu zamani kumtembelea mgonjwa. Tena mwaka 2025 Marekani ilipunguza sana msaada wake wa nje, na katika nchi nyingi za Afrika kazi ya washauri wa sida ikapungua. Basi tusingoje kila kitu kitoke mbali.

Kwa mama mwenye virusi: siku ya kuchukua dawa, usiseme tu, "Nimemeza." Sema pia, "Silali," au, "Nina mawazo." Uliza kama kuna mshauri, au kundi la wenzako. Kama huwezi kuwaambia wote, chagua mtu mmoja wa siri: dada yako, mama mmoja mwaminifu, mke wa mchungaji. Usiseme mbele ya mtu ambaye huwa mkali kwako, kabla ya kuongea na mganga juu ya usalama wako. Huzuni ikiwa nzito sana, daktari aweza kuongeza dawa ya huzuni. Mwonyeshe vidonge vyako vyote, apate kuchagua ile ipatanayo navyo.

Kwa mume: nenda ukapimwe. Mkiwa nayo wote wawili, mezeni pamoja. Ukiwa huna, mshukuru Mungu, na umkumbushe mke wako saa ya kidonge. Kumpiga au kumfukuza hakutaondoa virusi, ila kutaondoa dawa nyumbani.

Kwa mganga: hesabu vidonge, lakini kwanza hesabu siku za kulala. Uliza kwa mlango uliofungwa. Na siri ya mgonjwa isitoke katika kinywa chako hata kwa mke wako. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 14 Julai 2008 yalinda haki za watu wenye virusi vya sida na kukataza kuwabagua.

Kwa kundi la wamama: kutaneni mahali pasipo na kibao cha sida mlangoni. Shoneni nguo, tengenezeni sabuni, wekeni akiba ya fedha kidogo kidogo, hapo mama aweza kuja bila kuulizwa na jirani, "Wakutana kwa ajili gani?" Watu wachache wafaa kuliko wengi. Agano la kwanza liwe hili: yasemwayo hapa yabaki hapa. Na msifanye haraka kutoa shauri. Mwenye mzigo amalize kwanza kuutua.

Kwa mchungaji na wazee wa kanisa: ombeni pamoja na mgonjwa, na katika maombi yenu mtaje kidonge chake kama mtajavyo mkate wa kila siku. Mtu akitangaza hadharani kwamba wagonjwa waache dawa, msikae kimya.

Turudi kwa yule mama

Mganga wake hakumpa hotuba siku ile. Alisogeza kiti karibu, akamwacha aseme. Mama akalia, akasema, akalia tena. Mwisho mganga akasema, "Alhamisi wako wamama 6 wanaokutana nyuma ya nyumba ile. Wanashona. Mmoja wao ana virusi tangu miaka mingi, na watoto wake wote wazima. Utakuja?"

"Nitaona, mama."

Alhamisi ya kwanza hakuja. Ya pili alikuja, akakaa karibu na mlango, hakusema neno. Ya tatu, yule mama mwenye virusi vya miaka mingi alimwuliza, "Yaya, wewe vidonge vyako wavificha wapi?" Akajibu kwa sauti ndogo, "Chini ya gunia la unga. Natia pamba." Wale wamama wakacheka wote, si kwa kumdharau, bali kwa kuwa kila mmoja alikuwa amewahi kutia pamba. Na yeye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe.

Hatuwezi kusema kwamba mambo yake yote yamenyoka. Mume bado hajakubali kupimwa. Lakini amemwambia dada yake mkubwa, naye humwita kila jioni kwa saa ya dawa. Mara ya mwisho mganga alipohesabu, vidonge vilikuwa sawasawa.

Maulizo ya kuzungumza pamoja

1. Je, katika kanisa letu yuko mtu ambaye mama mwenye mawazo aweza kumwendea bila hofu? Ni nani?
2. Ni maneno gani tunayoyasema sokoni au kanisani yanayowafanya wagonjwa wafiche dawa zao?
3. Ni lini mara ya mwisho ulimwuliza mgonjwa, "Unalala?" na kungoja jibu lake?